Kisukari hakiumi, kinaumiza: Mishipa midogo huharibika kabla mgonjwa hajajua

Mwaka 2005, madaktari wa kliniki ya kisukari jijini Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kitabibu taarifa ya wagonjwa 34 waliotibiwa jeraha ambalo wengi hawalihusishi na sukari: kung'atwa na panya.

Kwa mtu mwenye afya jambo hilo ni gumu kuaminika. Usingizini hata mbu akitua mguuni, mtu hujigeuza. Lakini mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi anaweza kulala hadi asubuhi huku panya akitafuna kidole, na akajua tu anapoona damu kwenye shuka.

Ganzi ya namna hiyo haiji kwa usiku mmoja. Huwa imeanza miaka mingi nyuma, ndani ya mishipa ya damu midogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona, wakati mwenyewe akiendelea na kazi zake na kuwaambia wanawe, "Mimi mzima, sukari hainisumbui."

Kauli hiyo inafahamika katika nyumba nyingi zenye mzazi, bibi, babu au mtoto mwenye kisukari. Familia humpima mgonjwa kwa anavyojisikia. Asipolalamika, kliniki inaahirishwa na nauli inapelekwa kwenye mambo mengine. Tatizo ni kwamba mishipa midogo haina namna ya kulalamika hadi uharibifu uwe mkubwa.

Vichochoro vya damu

Damu hutoka moyoni kwa mishipa mikubwa, kisha hugawanyika kama barabara kuu inavyozaa barabara za mitaa, na mitaa ikazaa vichochoro. Vichochoro hivyo ndiyo mishipa midogo kabisa, inayoitwa kapilari. Ni myembamba mno hata chembe nyekundu za damu hupita moja nyuma ya nyingine, wakati mwingine kwa kujikunja.

Mishipa mikubwa kazi yake ni kusafirisha tu. Shughuli yenyewe hufanyika vichochoroni, kwa sababu hapo ndipo oksijeni na chakula hutoka kwenye damu na kuingia mwilini, na uchafu hurudi kwenye damu. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, iliyolala juu ya utando mwembamba. Wembamba huo ndio unaoruhusu vitu kupita, na ndio unaoufanya uwe rahisi kuharibika.

Kila kiungo kina mishipa hiyo, lakini kuna sehemu tatu ambako kisukari huiharibu zaidi: macho, figo na neva, hasa zile zinazofika miguuni.

Sukari inavyoharibu ukuta

Seli za misuli zinahitaji insulini ili zipokee sukari kutoka kwenye damu. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia vizuri, misuli hubaki na njaa. Ndiyo sababu mgonjwa huchoka, na wengine hukonda, wakati damu yake imejaa sukari.

Seli za ukuta wa mishipa midogo hazifanyi hivyo. Hazisubiri insulini. Sukari ikizidi kwenye damu, inaingia ndani yake na seli hazina uwezo wa kutosha wa kuizuia. Hivyo, siku ambazo misuli inakosa chakula ndizo siku ambazo ukuta wa mishipa unafurika.

Sukari hiyo ikikaa kwa muda mrefu huleta madhara kadhaa kwa pamoja. Hunata kwenye protini za mwili, kama soda iliyomwagika mezani inavyoacha kitu cha kunata, na protini hizo hukakamaa. Seli nazo hulemewa na kutoa mabaki ya kemikali yanayoziumiza zenyewe. Utando ulio chini ya seli huwa mnene kuliko kawaida, lakini unene huo si uimara, kwani huanza kuvuja.

Matokeo yake ni mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mishipa mingine huvuja na kuruhusu maji, mafuta na protini kutoka mahali pasipotakiwa. Mingine huziba, na sehemu iliyokuwa ikilishwa nayo hubaki bila oksijeni. Presha ikiwa juu, damu husukuma ukuta uliokwishachoka na hali huharibika haraka zaidi. Sigara nayo huongeza mzigo huohuo.

Jicho linaloona vizuri si lazima liwe zima

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga na kutuma picha kwenye ubongo. Unaitwa retina. Kisukari kinapoanza kuugusa, mishipa yake midogo hutoa vivimbe kama vidoto, baadhi hupasuka na kuvuja damu kidogo. Katika hatua hii mgonjwa anaweza kusoma Kurani, Biblia au ujumbe wa simu bila shida yoyote.

Mishipa inapoendelea kuziba, retina hukosa oksijeni. Mwili hujaribu kujisaidia kwa kuotesha mishipa mipya. Bahati mbaya mishipa hiyo huwa dhaifu, hupasuka kwa urahisi na kujaza damu ndani ya jicho, au huvuta retina hadi ikabanduka. Hapo ndipo mtu huona ghafla vitu vyeusi vikielea, au giza kama pazia. Wakati mwingine maji huvuja kwenye sehemu ya katikati ya retina na kufanya sura za watu na maandishi yawe na ukungu.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua miwani barabarani, au husema ni mtoto wa jicho au uzee. Miwani haiwezi kuziba mshipa unaovuja. Matibabu yapo, yakiwamo leza na sindano za dawa zinazowekwa ndani ya jicho, lakini kazi yake kubwa ni kulinda uoni uliobaki. Uliopotea si rahisi kuurudisha wote.

Mkoani Kilimanjaro, mpango wa kuwapiga picha za retina watu wenye kisukari ulioanza mwaka 2010 uliwafikia watu zaidi ya 3,000 katika miaka yake ya mwanzo. Zaidi ya mmoja kati ya wanne alikutwa na dalili za retina kuharibika. Wengi wao walikuwa katika hatua za mwanzo, yaani hatua ambayo bado kuna cha kuokoa.

Figo: chujio linaloanza kuachia

Kila figo ina vichujio vidogo takribani milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa midogo ya damu. Kwa siku moja figo mbili huchuja takribani lita 180 za maji ya damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini na kinachobaki hutoka kama mkojo.

Chujio zima huzuia protini isitoke. Kisukari kinapoliharibu, protini inayoitwa albumini huanza kupenya kidogokidogo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na haionekani kwa macho, haiumi, na kipimo cha kawaida cha mkojo cha kijiti kinaweza kutoiona kikiwa mapema. Kinachoiona ni kipimo maalumu cha albumini kwenye mkojo.

Mkojo wenye povu lisiloisha, kuvimba miguu na uso, kichefuchefu na uchovu mkubwa ni dalili za baadaye. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kwa takribani saa nne, au kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Familia iliyowahi kuuguza mtu kwenye mashine inajua inachokula: muda, nauli, kazi na akiba.

Albumini ikigundulika mapema, kuna dawa za presha zinazopunguza msukumo ndani ya vichujio, kama enalapril, lisinopril na losartan. Daktari anaweza kumpa hata mgonjwa ambaye presha yake haiko juu sana, kwa ajili ya kulinda figo. Dawa hizi hazifai kwa mjamzito, hivyo mwanamke anayepanga kubeba mimba amweleze daktari mapema.

Jambo jingine linalosahaulika ni dawa za maumivu. Mwenye kisukari anayeumwa miguu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kuzimeza kwa wiki kadhaa. Kwa figo ambazo tayari zimeanza kuchoka, dawa hizo ni hatari. Vivyo hivyo kwa miti shamba isiyojulikana kipimo chake wala kilichomo ndani.

Miguu inaponyamaza

Neva, yaani mishipa ya fahamu, nazo hulishwa na mishipa midogo ya damu. Sukari huziumiza kwa njia mbili: inaingia moja kwa moja kwenye seli zake, na inaziba vichochoro vinavyozipelekea oksijeni. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu, ndiyo maana tatizo huanzia huko na kupanda taratibu.

Kwa baadhi huanza kwa kuwaka moto, kuchomachoma au kutembelewa kama na sisimizi, hasa usiku. Wengine hawasikii chochote tangu mwanzo, na hao ndio walio hatarini zaidi. Mtu anakanyaga msumari na kuendelea kutembea. Anakaa karibu na jiko la mkaa akaungua asijue. Anatumbukiza miguu kwenye maji ya moto ili apate nafuu, ngozi inababuka. Kiatu kinachobana kinatengeneza lengelenge, lengelenge linakuwa kidonda, kidonda kinaingia wadudu, na kwa sababu damu haifiki vizuri hakiponi.

Madaktari wa Tanzania wamelifanyia kazi tatizo hili kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania na India zilikuwa nchi za mwanzo kujaribu mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wenye kisukari, na Dk Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Somo lake kuu lilikuwa rahisi: mguu unaokaguliwa kila siku na kidonda kinachotibiwa mapema mara nyingi huepuka msumeno.

Kwa wanaume, mishipa na neva hizohizo zikiharibika huleta upungufu wa nguvu za kiume. Ni jambo linalovunja ndoa nyingi kimyakimya, na wengi hulitafutia dawa kwa wauzaji wa mitaani kabla ya kufikiria sukari. Mwanaume anayeanza kupata tatizo hilo ana sababu nzuri ya kupima sukari na presha kabla ya kununua chochote.

Kipimo cha siku moja kinaweza kudanganya

Baadhi ya wagonjwa wana mtindo wa kujibana siku mbili kabla ya kliniki. Wanaacha soda, wanapunguza ugali, wanameza dawa kwa saa. Kipimo cha kidole asubuhi kinatoka kizuri, daktari anaridhika, na jioni maisha yanarudi palepale.

Kuna kipimo kisichodanganyika kwa urahisi namna hiyo. Kinaitwa HbA1c, na wengi hukijua kama kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Chembe nyekundu za damu huishi takribani siku 120, na muda huo wote sukari huwa inanata kwenye himoglobini yake. Kwa kupima kiasi kilichonata, daktari hujua wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa kwa wazee na wanaoshukiwa sukari mara kwa mara daktari anaweza kulegeza kiwango hicho, kwa sababu sukari kushuka kupita kiasi nayo ni hatari.

Kunata huko ndiko pia kunakotokea kwenye kuta za mishipa. Kwa hiyo namba ya HbA1c inamweleza mgonjwa mishipa yake imeishi katika sukari ya kiasi gani.

Kudhibiti sukari kunalipa

Je, jitihada zote hizi zinaleta tofauti? Jibu lilipatikana mwaka 1993, yalipotangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Nusu yao walitibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule. Nusu nyingine walipima sukari mara nyingi zaidi na kupata insulini angalau mara tatu kwa siku au kwa pampu. Baada ya wastani wa miaka sita na nusu, waliodhibiti sukari kwa karibu walikuwa wamepunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, wa figo kwa asilimia 50 na wa neva kwa asilimia 60.

Mwaka 1998, utafiti mwingine wa Uingereza uliohusisha zaidi ya watu 5,000 wenye kisukari cha aina ya pili ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa karibu hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Kwa wale waliokuwa pia na presha, kuidhibiti presha vizuri zaidi kulipunguza madhara hayo kwa asilimia 37.

Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulileta somo jingine. Waliodhibiti sukari mapema waliendelea kunufaika hata pale viwango vyao vilipokuja kulingana na vya wenzao. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa, ambayo mgonjwa hujisikia mzima na hupenda kuruka dawa, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote.

Vipimo vitatu kila mwaka

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, uchunguzi wa mishipa midogo huanza siku anapoambiwa ana ugonjwa, kwa sababu huenda amekaa nao miaka kadhaa bila kujua. Baada ya hapo hurudiwa kila mwaka, isipokuwa daktari aelekeze vingine:

1. Macho. Si kusoma herufi ukutani pekee. Retina yenyewe itazamwe kwa matone ya kupanua mboni au ipigwe picha. Matone hayo hufifisha uoni kwa saa kadhaa, hivyo mgonjwa asiendeshe gari wala bodaboda na aende na mtu.

2. Figo. Albumini kwenye mkojo pamoja na kreatinini kwenye damu.

3. Miguu. Viatu na soksi vivuliwe, miguu itazamwe na kupimwa hisia.

Presha nayo ipimwe kila siku ya kliniki. Wengi hushauriwa iwe chini ya 140/90, na baadhi chini ya 130/80.

Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, uchunguzi wa macho na figo huanza miaka michache baada ya ugonjwa kugundulika, hasa anapokaribia au kuingia balehe. Ni umri ambao vijana wengi huchoka kuchoma insulini au huona aibu kufanya hivyo shuleni. Mzazi anayemweleza mwanawe kwa nini sindano ya leo inalinda macho ya kesho humsaidia zaidi kuliko anayemgombeza.

Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya ujauzito achunguzwe retina kabla ya kushika mimba au katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa ujauzito unaweza kuharakisha uharibifu wa macho.

Familia inaweza kufanya nini nyumbani

Kuna njia nyepesi ya kupima hisia za miguu iliyobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hulala au kukaa, akafumba macho. Mtu mwingine humgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Jumla ni vidole sita. Usibonyeze, usisugue, usirudie. Akishindwa kuhisi viwili au zaidi, aende akachunguzwe. Akihisi vyote sita, uchunguzi wa mwaka bado unabaki palepale.

Kila jioni mtu mmoja nyumbani atazame miguu ya mgonjwa, juu, chini na katikati ya vidole. Hata mjukuu anaweza kupewa kazi hiyo. Miguu ioshwe kwa maji yasiyo moto na joto lake lijaribiwe kwa kiwiko. Ikaushwe vizuri katikati ya vidole. Mgonjwa asitembee peku hata ndani, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na sugu isikatwe kwa wembe. Chakula kisiachwe wazi chumbani usiku na chandarua kichomekewe, kwani panya hufuata makombo. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake.

Mlo bora si wa mgonjwa peke yake. Nyumba ikipunguza soda, chai ya sukari nyingi na vyakula vya mafuta, ikaongeza mboga, maharage na kutembea, mgonjwa hatengwi na wengine nao wanajikinga.

Siku ya kliniki ijayo, mtu wa familia amsindikize mgonjwa akiwa na maswali manne yaliyoandikwa kwenye simu: HbA1c yake ni ngapi? Retina yake ilitazamwa lini? Mkojo wake umepimwa albumini? Miguu yake ilipimwa hisia mwaka huu? Kama kituo hicho hakina kipimo kimojawapo, swali la tano ni kipatikane wapi, na rufaa iandikwe kabla ya kuondoka.